Kabla ya kununua mashine, kagua reli yako na ndoano za hereni

"Shikamoo fundi. Huu ni mwaka wa pili natengeneza hereni na vidani nyumbani kwangu Tabata. Vipande vya majani na maua vilivyopigwa chapa kiwandani navinunua Kariakoo. Majina ya wateja nayapiga mwenyewe kwa panchi za herufi nilizonunua duka la vifaa vya ujenzi, kwa nyundo ya misumari, juu ya kipande cha reli nilichokiweka kwenye meza ya chakula. Herufi zinatoka na kivuli kama zimeandikwa mara mbili, nyingine zimezama upande mmoja tu, na bamba lenyewe linajikunja. Majani ya brasi nikiyapinda mara mbili tatu yanakatika. Halafu wateja wawili wamelalamika: mmoja shingo inageuka kijani, mwingine masikio yamemwasha mpaka yakatoa maji. Kuna mtu anataka kuniuzia mashine ya kubonyeza inayotumia jeki kwa laki tisa, anasema itamaliza matatizo yote. Ninunue? Na je, nihamie silva ya Kijerumani ili watu wasidhurike?"

Marahaba, binti yangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, maana umetaja hata meza, na meza hiyo ni sehemu ya jibu. Nikiyapanga upya maneno yako, naona matatizo manne ambayo yule muuzaji ameyafunga furushi moja ili ayatibu kwa dawa moja: herufi zina kivuli, bamba linajikunja, majani yanakatika, na miili ya wateja inalalamika. Kila tatizo lina chanzo chake, na mashine ya kubonyeza haigusi hata chanzo kimoja kati ya hivyo. Silva ya Kijerumani nayo italizidisha tatizo la nne badala ya kulipunguza. Nitaanza na hilo la nne, kwa sababu bamba likiharibika hutupwa, lakini sikio la mtu halitupwi.

Shingo ya kijani na masikio yanayowasha ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa huletwa kwa fundi kwa lawama moja. Ukijani ni zao la shaba. Brasi, ambayo wengi huiita shaba ya njano, ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ile inayotumika sana kwa kazi za kubonyeza huwa na takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Likikutana na shaba mbele ya hewa, hutokea chumvi za shaba zenye rangi ya kijani au buluu, na hizo ndizo zinazobaki shingoni. Huondoka kwa maji na sabuni, na mtu mwenye ngozi nzima hazimdhuru. Kwa joto la Dar es Salaam na hewa yetu ya pwani, zitatokea hata kama brasi yako ni safi namna gani, kwa hiyo mteja huyo aelezwe ukweli huo bila aibu, avue kidani anapooga au anapokwenda kufanya kazi ya jasho, na akifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kukiweka. Wewe kwa upande wako paka nta ya nyuki nyembamba upande unaogusa ngozi, uisugue mpaka ing'ae. Wako watakaokushauri kupaka ile rangi ya kucha isiyo na rangi. Husaidia siku chache, kisha hubanduka vipande vipande, na kidani huanza kuwa na madoa kama ukuta wenye unyevu.

Sikio linalowasha, kuvimba na kutoa maji ni jambo jingine, na mshukiwa wangu wa kwanza ni nikeli. Huu ni mzio wa ngozi: mwili ukishaitambua nikeli kuwa adui, haumsahau, na kila mara chuma chenye nikeli kikigusa ngozi, dalili huja baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana watu wengi hawahusishi muwasho wa Jumanne na hereni walizovaa harusini Jumamosi. Nikeli hupatikana kwenye mipako ya hereni za bei rahisi, mara nyingi chini ya ule utando mwembamba wa rangi ya dhahabu, na utando ukilika, nikeli hubaki wazi ndani ya tundu la sikio, mahali ambapo ngozi ni laini na jasho halikauki. Sheria za Umoja wa Ulaya, zilizoanza mwaka 1994 na kurekebishwa baadaye, haziruhusu kitu kinachopita kwenye tundu la mwilini kutoa zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki, wakati kwa kitu kinachogusa ngozi tu kiwango ni mikrogramu 0.5. Tofauti hiyo inakuonyesha mahali pa kuweka fedha yako. Jani la brasi linaloning'inia hewani si hatari kama ndoano inayopita sikioni.

Sasa silva ya Kijerumani. Jina hili limewapotosha watu wengi, wakiwemo wauzaji wenyewe. Ndani yake hamna madini ya fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki, na nikeli mara nyingi hufika asilimia 10 hadi 20. Ung'avu wake mweupe unatokana na hiyo nikeli, yaani kitu kilekile ninachoshuku kuwa kimemuumiza mteja wako. Wala usidhani kwamba sumaku itakuokoa, kwa sababu mchanganyiko huu haushikwi na sumaku, na utando wa nikeli juu ya brasi ni mwembamba mno kuweza kuivuta sawasawa. Sumaku hukuambia jambo moja tu, kwamba ndani ya kipande kuna chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya brasi. Hilo nalo ni la maana, na nitalirudia.

Kwa hiyo leo hii ondoa ndoano zote usizojua asili yake, hata zile zilizokwisha kufungwa kwenye hereni zinazosubiri kuuzwa. Badala yake tumia ndoano za fedha ya 925, ambayo ni asilimia 92.5 ya fedha na iliyobaki aghalabu ni shaba, na uzinunue kwa sonara unayemfahamu, kwa maana alama ya 925 hugongwa na yeyote mwenye panchi. Titani ni nzuri zaidi kwa mwenye mzio, ukiipata. Chuma cha pua, yaani kile kisichopata kutu, cha daraja la hospitali kina nikeli ndani yake, ila huiachia kidogo sana, na watu wengi hukivaa salama. Kwa mtu ambaye tayari masikio yake yametoa maji nisingekijaribu. Mteja huyo asirudishe hereni yoyote sikioni mpaka ngozi ipone. Kama uvimbe unaongezeka, kuna usaha, ngozi ina moto au ana homa, aende hospitali bila kusubiri; na kama muwasho umeshamrudia mara kadhaa, akamwone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kumfanyia kipimo cha kubandika mgongoni na kumwambia kwa uhakika ni kitu gani kinachomkataa. Mwambie pia asijitibu kwa yale mafuta ya kopo yanayouzwa bila maelezo, kwa sababu baadhi yake yana dawa kali za steroidi ambazo hutuliza kwa wiki moja na kuichuna ngozi kwa mwaka mzima.

Tuje kwenye herufi. Kivuli unachokiona ni pigo la pili ambalo hukulipiga wewe. Nyundo inaposhuka, panchi huzama kwenye bamba. Kama kilicho chini kinacheza, bamba huruka kidogo, panchi huruka nalo, kisha vyote hutua tena pembeni kidogo ya mahali pa kwanza. Meza ya chakula imeundwa kubeba sahani. Katikati yake ni kama ngozi ya ngoma, na kadiri unavyopiga kwa nguvu zaidi ili herufi izame ndivyo inavyokurudishia pigo. Hamisha kazi juu ya gogo zito lililosimama sakafuni, la mwembe au mkwaju, au angalau juu ya kona ya meza, pale mguu unapoingia. Kisha piga mara moja tu, kwa uzito wa nyundo na siyo kwa hasira ya mkono.

Na ile reli. Mafundi wengi wa pwani wameanzia kwenye reli, nami nilianzia hapohapo, na chuma chake ni kizuri sana kuwa fuawe. Sitakuuliza ya kwako imetoka wapi, ingawa nakusihi usinunue nyingine mitaani, kwa maana mali ya reli ikikutwa sebuleni kwako ina maelezo marefu. Tatizo ni umbo. Kichwa cha reli hakikuchongwa kuwa bapa. Kina mgongo, kimevimba kidogo katikati ili gurudumu la treni likae vizuri. Ukiweka bamba juu yake, linashikiliwa kwenye mstari mwembamba tu wa katikati huku pembeni kukiwa na uwazi usioonekana kwa jicho. Hapo ndipo zinapotoka herufi zilizozama upande mmoja. Weka rula ya chuma kukatiza kichwa cha reli, uiinue usawa wa macho na utazame mwanga wa dirisha unaopita chini yake, utaniamini. Pale mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, wapo mafundi wenye mashine za kusaga na kusawazisha chuma; mwambie mmoja wao akusawazishie sehemu ya juu mpaka rula isipitishe mwanga, kisha wewe uimalizie kwa msasa namba 400 na 600, kwa sababu kila mkwaruzo ulio juu ya fuawe utahamia nyuma ya bamba lako.

Nyundo ya misumari nayo iache ifanye kazi ya misumari. Uso wake ni mgumu na umevimba, kwa hiyo huteleza juu ya kichwa cha panchi, na chuma kigumu kikigonga chuma kigumu kinaweza kurusha kipande machoni. Vaa miwani ya kinga, hili si la hiari. Nyundo inayofaa ni yenye kichwa cha brasi, uzito wa gramu 450 hivi na mpini mfupi. Brasi ni laini kuliko panchi, hivyo hunyonya mdundo na haiharibu vichwa vya panchi. Usipoipata dukani, fundi wa mashine ya kukereza atakutengenezea kichwa kutoka kwenye nondo ya brasi. Panchi zako za dukani hazina kosa kubwa. Zilitengenezwa kwa kuwekea alama vipuri vya mashine, kwa hiyo sura za herufi ni za kikavu na kingo zake ni kali, lakini kwa shaba, brasi na aluminiamu zitakufaa miaka mingi. Usizitumie tu kwenye chuma cha pua, kwa sababu huko herufi ndizo zitakazolala, na uzifute kwa mafuta ya cherehani kila jioni, maana unyevu wa hapa hutia kutu usiku mmoja.

Kujikunja kwa bamba hakukwepeki kabisa, na ni vizuri ujue sababu. Panchi haiondoi madini, inayasukuma. Yale yaliyokuwa mahali pa herufi yanakwenda pembeni, upande wa juu unapanuka kuliko wa chini, na bamba halina budi kujipinda. Bamba la nusu milimita litajipinda sana. La milimita moja litajipinda kidogo na herufi zitapata kina cha kupendeza. Mimi kwa kidani cha jina natumia kati ya milimita 0.8 na 1. Libandike kwenye fuawe kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne, utepe wa chini uwe ndio mstari wako wa kuegemeza herufi, uanze na herufi ya katikati ya jina ukienda kushoto na kulia, kisha ukimaliza, geuza bamba na uligonge kwa nyundo ya mbao au plastiki. Na kama kipande ni duara dogo au moyo, piga herufi kwanza ndipo ukate umbo, usifanye kinyume chake, vinginevyo ukingo utavimba mahali herufi ilipoukaribia.

Hapa ndipo tunafika kwenye majani yanayokatika, na naomba univumilie, kwa kuwa jambo hili likikuingia utaacha kulaumu vifaa. Madini yamejengwa kwa chembe zilizopangika safu kwa safu, na yanapopindwa safu hizo huteleza moja juu ya nyingine. Kila mtelezo huacha fundo dogo, na mafundo yakizidi safu hukwama; bamba huwa gumu, hurudi nyuma kama springi unapolipinda, kisha hupasuka. Majani unayonunua Kariakoo yamekwisha kupita katikati ya kalibu mbili za chuma, moja dume na nyingine jike, zilizogongana kwa nguvu kubwa mpaka mishipa yote ya jani ikachorwa kwa pigo moja. Kazi hii ilistawi sana Birmingham huko Uingereza na Providence huko Marekani, na hadi leo ndivyo vipande hivi vinavyotengenezwa popote duniani. Kwa hiyo jani linapokufikia tayari limechoka. Ukilipinda mara ya kwanza umemaliza akiba yake, na mara ya tatu linakuaga.

Dawa yake ni moto. Ukilipasha jani mpaka liwe jekundu iliyofifia, chembe zake hujipanga upya na ulaini hurudi. Fanya kazi hii kivulini, kwa sababu juani hutauona wekundu huo mpaka umechelewa: brasi hiyo ya 70 kwa 30 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 915 hivi, na jani jembamba hufika huko kufumba na kufumbua. Tochi ndogo ya gesi inatosha, ikipitapita bila kutulia mahali pamoja. Shaba tupu unaweza kuitumbukiza majini ikiwa bado nyekundu. Brasi isubiri kwanza wekundu upotee, la sivyo inaweza kupata nyufa. Fanyia nje, penye upepo, kwa sababu brasi ikizidishiwa moto zinki yake hugeuka moshi mweupe unaoleta homa na kifua. Ule weusi unaobaki juu utautoa kwa ndimu na chumvi, kama bibi zetu walivyosafisha masinia ya shaba, kisha suuza sana. Ukitaka kulainisha aluminiamu, usingoje wekundu, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadili rangi. Chora mstari kwa sabuni ya mche, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, ondoa moto.

Lakini kabla ya kuwasha tochi, rudi kwenye sumaku. Jani linaloshikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa, na moto utaunguza utando na kukuachia kitu kinachopata kutu. Lile lisiloshikwa, likwaruze kwa tupa nyembamba upande wa nyuma: kama njano inaendelea hadi ndani, ni brasi, kama ndani kuna weupe au ukijivu laini, huenda ni mchanganyiko mwingine wenye kuyeyuka mapema, na unaweza kuwa na madini ya risasi. Hivyo visipashwe moto wala visiuzwe kwa mapambo ya watoto. Nunua vipande vichache vya majaribio kabla ya kuchukua kilo nzima, na muulize muuzaji kama anavyo vile ambavyo havijapakwa kitu.

Nimebakiza mashine, nayo sitaki kuitukana, kwa kuwa ni kifaa kizuri mahali pake. Jeki ndani ya fremu imara hukata maumbo yanayofanana na kuyapa mwinuko. Haiandiki majina vizuri kuliko mkono, kwa sababu kila jina ni tofauti. Hesabu yake ya kukata ni rahisi: urefu wa ukingo wa umbo, mara unene wa bamba, mara nguvu ya madini kuhimili kukatwa. Jani lenye ukingo wa milimita 100, bamba la milimita 0.8, na brasi inayohimili takriban niutoni 250 kwa milimita mraba, hutaka niutoni 20,000, yaani tani mbili tu. Ukiambiwa jeki ya tani 20 ni ya lazima kwa kukata majani, jua unauziwa ukubwa. Tani nyingi huhitajika unapotaka kuchora picha yenye kina kwenye bamba. Gharama halisi imo kwenye kalibu, kwani mashine bila kalibu ni jeki iliyosimama. Kama unauza hereni thelathini za umbo moja kwa mwezi, anza kuifikiria. Kama kila oda ina jina lake, hizo laki tisa zitakununulia bamba zuri, ndoano salama na nyundo, na chenji itabaki.

Ukishawishika hata hivyo, usilipe kabla fundi wa uchomeleaji asiyemjua muuzaji hajakagua fremu. Mshono ukiachia wakati jeki imebana, kipande hutoka kama risasi ya bunduki, na nimeona ukuta wa karakana moja ukitobolewa namna hiyo, kwa bahati nzuri mchana wa chakula. Maofisa wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanaweza kukuelekeza kwa watengenezaji wa mashine ndogo, na kwenye chuo cha ufundi stadi cha VETA Chang'ombe kuna walimu wa kazi za chuma ambao swali lako la reli watalimaliza kwa dakika tano. Ukiweza pia, omba kuketi siku moja karibu na sonara anapofanya kazi ya moto, kwani rangi ile ya wekundu uliofifia haifundishiki kwa maandishi.

Reli ikishasawazishwa na gogo likishapatikana, chukua bamba la aluminiamu la milimita moja na upige herufi A hamsini kwa pigo moja moja, bila kubadili mkao. Kama kivuli bado kipo, tazama kimeelekea wapi: kikiwa upande uleule kila mara, panchi yako imesagwa pembe au mkono wako unaiinamisha; kikihamahama, gogo bado linacheza. Usipoweza kuamua, niletee bamba hilo pamoja na panchi yenyewe, na usilisafishe.